Pipa la taka la diski ya nyumba nzima

Nimefuta folda ya picha kwenye diski ya pamoja, na kwenye pipa la Windows haimo. Imeenda wapi? (Umoja)

Imefutika. Pipa la Windows halishughulikii diski za mtandao. Seva, kompyuta yenye diski hiyo, hufuta palepale. Acha kuandika chochote kwenye diski hiyo, kisha ujaribu programu ya kuokoa faili. Pipa la kweli huwekwa kwenye seva. Kwa Samba, programu ya seva inayogawa folda kwenye mtandao, ongeza haya chini ya folda ya pamoja katika faili lake la mipangilio, smb.conf:

vfs objects = recycle
recycle:repository = .taka/%U
recycle:keeptree = yes
recycle:versions = yes
recycle:touch_mtime = yes

%U humpa kila mtu pipa lake. Kama mstari wa vfs objects ulikuwepo, ongeza neno recycle humohumo. Mstari wa pili wa vfs objects hufuta wa kwanza. Pipa lisiwe kwenye diski nyingine: Samba hainakili faili, huihamisha tu, na ikishindwa huifuta moja kwa moja. Jaribu kwanza na faili isiyo na kazi.

Cron yangu, ratiba ya kazi za seva, hufuta vilivyokaa pipani siku 30, lakini picha za 2019 zilizotupwa jana zimeondoka usiku uleule. (South B)

Huna touch_mtime, mstari unaoipa faili tarehe ya siku ilipotupwa. Bila hiyo faili ikihamishwa hubaki na tarehe yake ya zamani, kwa hiyo find, amri inayotafuta faili, huiona ina miaka, si saa chache. Ukishaweka mstari huo, amri ni:

find /srv/nyumba/.taka -type f -mtime +30 -delete

Wiki ya kwanza andika -print badala ya -delete, usome orodha. Na -delete ikae mwisho: find husoma masharti kwa mpangilio, ikitangulia inafuta kila kitu kabla ya kuuliza umri.

Stima hupotea usiku, na kazi ya cron ya saa tisa hairudiwi. (Kasarani)

Cron hairudii iliyopitwa. Tumia taimeri ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yenye OnCalendar=daily na Persistent=true; mashine ikiwaka, kazi hufanyika. Ukibaki na cron, kumbuka saa tisa usiku kwake ni 3. Ukiandika 9, itafanya kazi saa tatu asubuhi.

Mtoto akihifadhi juu ya faili yangu, pipa litaniokoa? (Lang'ata)

Hapana. Kuandika juu si kufuta, na amri ya kufuta, rm, ukiingia kwenye seva kwa SSH pia haipiti Samba. Hapo unahitaji nakala kwenye diski ya pili.