Hadithi yangu ina maneno 1,200 tu, niirefushe?

Wanaoanza kuandika huniuliza hivyo mara nyingi, na mimi huomba niisome kwanza.

Miaka yangu ya mwanzo niliamini urefu ndio ukomavu. Niliandika hadithi ya mama aliye Kigamboni, anangoja pantoni avuke kwenda mjini, mtoto mgonjwa mgongoni. Maneno 6,000. Nilitia humo kijiji alikozaliwa, posa yake, ugomvi wa mawifi, hata bei ya nyanya. Mhariri aliyeisoma alipigia mstari aya moja tu: mama anapapasa paji la mtoto, kisha anahesabu upya watu waliomtangulia. "Hadithi yako iko hapa," akaniambia. Nilitumia wiki tatu kuipunguza hadi maneno 1,500, na niliumia, kwani kurasa za posa nilizipenda sana. Lakini zilimfanya msomaji asahau kwamba kuna mtoto anaungua homa.

Halafu kuna lugha yenyewe. "Sikumwambia" ni neno moja. Mwingereza atahitaji matano kusema hivyohivyo. Basi ukikuta mwongozo wa Kiingereza unaotaja idadi ya maneno ya hadithi fupi, usiuchukue kama ulivyo. Maneno 1,500 ya Kiswahili yana mzigo mzito zaidi.

Sisemi ufupi ndio bora. Riwaya ya ukoo wa vizazi vitatu inataka nafasi. Ukiibana, wahusika watabaki majina matupu. Ila tazama riwaya za Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania: "Rosa Mistika" (1971) inamfuata msichana hatua kwa hatua, kisha "Nagona" (1990) haifiki hata kurasa 100, na hiyo ndogo ndiyo inayowatoa wasomaji jasho mpaka leo.

Usipojua ukate wapi, msomee kwa sauti mtu asiyeijua hadithi. Pale anapoanza kuchungulia simu, weka alama. Ukimaliza, muulize ni wapi alitaka uendelee nawe ukamkatiza. Swali hili la pili wengi hulisahau, na ndilo lililoniokoa. Nilipomsomea dada yangu ile hadithi iliyopunguzwa, alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa, walivuka?"

Nilikuwa nimekata mno. Usiku ule nikaongeza sentensi mbili.