Rejista ilisema kabla ya mtoto

Nina miaka 11 nikifundisha shule ya msingi upande wa Ilemela, Mwanza, karibu na mialo ya dagaa. Ukisimama mlangoni mwa darasa langu unaliona ziwa, na upepo ukigeuka, harufu ya dagaa walioanikwa inaingia mpaka ubaoni. Nawaandikia walimu wenzangu, na wazazi pia, kwa sababu yupo mtoto aliyenifundisha sehemu ya kazi hii ambayo chuo hakikunifundisha. Nilimuumiza kabla sijajifunza.

Alikuwa darasa la nne. Mpole, mwandiko safi, hesabu anazipata. Halafu zinakuja siku anasinzia tangu kipindi cha kwanza, daftari tupu, mwenzake akimgusa anarusha ngumi. Au tumbo linamuuma. Anaomba ruhusa aende nyumbani, ukimruhusu hafiki hata getini, anakaa chini ya mwembe mpaka kengele ya mwisho. Nilimwita mbele ya wenzake nikamuuliza, "Una nini wewe?" Akasema, "Sina kitu, mwalimu." Nikamwita mvivu. Nikamchapa, zaidi ya mara moja. Kanuni za viboko za 2002 zinataka achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na visizidi 4. Mimi sikuwa na karatasi yoyote. Na hata ningekuwa nayo, nilikuwa namchapa mtoto kwa sababu usiku hakulala.

Kilichonizindua ni rejista. Mwisho wa muhula nilikuwa najumlisha mahudhurio, nikaona siku alizokosa zimejikusanya: sita au saba zinafuatana, kisha wiki tatu safi, kisha tena zinafuatana. Nikadhani ni malaria inayorudi. Mama anayetuuzia uji alikuwa amesimama pembeni, nikamtajia tarehe. Hakufikiri hata kidogo. "Mwalimu, si mbalamwezi hiyo?"

Aliyekulia ufukweni ameshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanakuwa nyumbani. Baba wengi siku hizo wanashona nyavu na kukaa na watoto wao, na lazima niseme hivyo, maana wavuvi wanasingiziwa mengi. Baba wa mtoto huyu alikunywa. Akinywa, nyumba haikulalika. Mtoto alikaa macho akisikiliza mlango, ili amtoe mdogo wake kwa jirani kabla mambo hayajaharibika. Asubuhi anakuja shule, ananikuta mimi na fimbo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu ni huu: usihesabu tu siku ambazo mtoto amekosa, tazama zimekaaje. Yupo anayekosa kila Jumatatu. Yupo anayeumwa tumbo siku za kipindi kimoja tu, na hapo jiulize kuhusu mwalimu wa kipindi hicho, hata kama ni rafiki yako. Tumbo linauma kweli, msimwambie anadanganya. Kwa mtoto mdogo hofu hukaa tumboni na kichwani kabla haijapata maneno. Aliyeanza tena kukojoa kitandani, aliyeacha kucheza, aliyekuwa msemaji akanyamaza, wote hao wanasema kitu.

Najua mtaniuliza, darasa lina watoto 90, nitawatazama vipi? Huwezi wote. Mimi kila wiki nachagua watatu, nawasalimia mlangoni kwa majina yao na kuwatazama usoni. Ni dakika mbili.

Kuzungumza ndiko kulikonishinda muda mrefu. Ukimwita mtoto ofisi ya walimu, walimu sita wanasahihisha madaftari na masikio wazi, utapata "sina kitu" mpaka mwaka uishe. Yule nilimpa kazi ya kumwagilia miche nyuma ya darasa, kwenye mawe, nami nikashika ndoo yangu. Siku tatu tuliongea habari za miche na mbuzi wanaoila. Siku ya nne, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Mwalimu, leo naweza kukaa hapa mpaka jioni?"

Nikamwambia kaa. Sikuuliza kwa nini. Yaliyobaki aliyatoa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa wiki mbili. Mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani, mtoto anasema.

Akaniomba nisimwambie mtu. Hapa walimu wengi tunakosea kwa huruma, tunaahidi. Usiahidi. Nilimwambia, "Nitamwambia mtu mmoja anayeweza kutusaidia, na kabla sijamwambia nitakutajia ni nani." Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Pia kuna namba 116, ya bure, kwa mtoto mwenyewe au mtu mzima.

Kosa jingine nililikaribia sana. Nilikuwa na hasira, nikataka kwenda kwa baba jioni ileile. Ofisa ustawi wa jamii akanizuia: "Wewe utaongea saa moja, halafu utaondoka. Mtoto atabaki naye usiku." Tukapitia kwa bibi yake, mama mzaa baba, ambaye mwanawe anamheshimu.

Mama wa mtoto nilimpoteza kwa neno moja. Nilimwambia mtoto anahitaji msaada wa afya ya akili, akasimama. "Mwanangu si kichaa." Kwa watu wetu wengi neno hilo maana yake ni Milembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Siku hizi nasema kinachoonekana: mtoto halali usiku, hali chakula vizuri, moyo wake umechoka. Mzazi anakubali, kwa sababu na yeye ameona. Na inapohitajika hospitali, Bugando wanayo idara ya magonjwa ya akili, mtoto anaenda kutibiwa kama anavyotibiwa kifua. Ila mtoto akitamka kwamba anataka kufa, hata kama amesema kwa hasira, usingoje wiki nyingine na usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyohiyo.

Baba hajaacha pombe. Lakini siku za mbalamwezi watoto wote wawili wanalala kwa bibi, na kijana anakuja shule usingizi umemtosha. Bado anarusha ngumi mara mojamoja. Nilimwomba msamaha kwa viboko, kule kwenye miche. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama kesho tutamwagilia.

Sasa kwenye daftari langu la maandalio nimechora mwezi mpevu kila tarehe unapoangukia, na majaribio yangu nayaweka wiki za giza, maana sidhani yule alikuwa peke yake. Mtihani wa nusu muhula umepangwa katikati ya mbalamwezi. Kesho asubuhi naingia kwa mwalimu mkuu na rejista yangu, nimwombe tuusogeze mbele siku nane.