Kwateti ya nyuzi ikimpoteza mpigaji mmoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna jambo linanitatiza kuhusu kwateti za nyuzi, yaani makundi ya watu wanne: wawili wa fidla, mmoja wa viola (fidla kubwa kidogo) na mmoja wa chelo (kubwa zaidi, ya sauti nzito). Kundi la Amadeus lilivunjika mwaka 1987 mpiga viola wake alipofariki. Juilliard nao wamebadilisha wapigaji wote waliolianzisha kundi, na jina bado ni lilelile. Noti si zimeandikwa? Kwa nini asitafutwe fundi mwingine, kazi iendelee?

JIBU: Marahaba. Noti zimeandikwa, ila karatasi haisemi noti kama E iwe juu kiasi gani hasa, na kwateti inaishi au inakufa hapo.

Fidla, viola na chelo hazina vyuma vya kugawa shingo kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imeshabadilika. Tuseme kundi linaanza na A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Mpiga chelo anatyuni kuanzia A yake, anashuka D, G, hadi C, kila uzi akiulinganisha na wa jirani mpaka utulie. C yake ya chini inaangukia mitetemo kama 65.2. Mpiga fidla anapanda kutoka A kwenda E, anapata 660. Wote wawili wametyuni sawasawa. Sasa wapige kodi ya C meja pamoja, yaani noti C, E na G kwa mpigo mmoja: E inayotulia juu ya C ile ni ya mitetemo 652 hivi, mara kumi ya 65.2. Tofauti ni 8, na sikio linaipokea kama mtikisiko wa mara nane kila sekunde. Haipendezi hata kidogo.

Nani asogee? Katika makundi mengine, chelo na viola hupandisha G na C kidogo tangu wakati wa kutyuni. Mengine huziacha, na mpiga fidla anaukwepa uzi mtupu wa E, yaani usiobonyezwa kidole. Anaibonyeza noti hiyo kwenye uzi wa A na kuishusha. Kisha E hiyohiyo ikitokea ndani ya melodi inayopanda kwenda F, wengi huipandisha tena, maana sikio linataka iivute F. Maamuzi ya aina hii yamo katika kila ukurasa. Hakuna anayeyaandika; yanakaa vidoleni na masikioni mwa watu wanne waliofanya mazoezi pamoja kwa miaka. Fundi mgeni, hata awe bora kuliko aliyeondoka, anakuja na E yake.

Ukishalielewa hilo, Amadeus wanaeleweka. Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Peter Schidlof walikuwa Wayahudi waliokimbia Austria baada ya Wanazi kuitwaa mwaka 1938. Uingereza iliwapokea, halafu vita vilipoanza ikawaweka kizuizini kama raia wa nchi adui, na huko ndiko walikofahamiana. Wote watatu walifundishwa na Max Rostal. Schidlof alikuwa mpiga fidla. Aliingia kwenye viola ili kundi lipatikane. Wakamwongeza Martin Lovett kwenye chelo, na Januari 1948 wakapiga katika ukumbi wa Wigmore Hall, London, kwa jina la Amadeus. Kwa takriban miaka 40 hakuna kiti kilichobadilika mtu. Kwa hiyo Schidlof alipofariki, hawakuwa wamewahi hata mara moja kumfundisha mgeni masikio yao. Waliacha, na naamini walifanya sawa.

Juilliard walipita njia nyingine. Kundi lilianzishwa New York mwaka 1946, Robert Mann akiwa fidla ya kwanza, na Mann alikaa hadi 1997. Chini yake viti vilibadilika, kwa kawaida kimoja kimoja: Samuel Rhodes alichukua viola mwaka 1969, Joel Krosnick chelo mwaka 1974. Mann alipostaafu, hawakumleta mgeni kuongoza. Joel Smirnoff, aliyekuwa fidla ya pili tangu 1986, alihamia fidla ya kwanza, na mgeni akapewa kiti cha pili. Huo ni uamuzi wa busara sana, kwa sababu anayeingia anazungukwa na watatu wanaojua E inakaa wapi. Kundi jingine, Guarneri, nao David Soyer alipoacha chelo mwaka 2001, walimchukua Peter Wiley, mwanafunzi wa Soyer mwenyewe.

Ndiyo maana pia anayetaka kiti hapimwi kwa kupiga peke yake tu. Hualikwa kukaa na watatu waliobaki na kupiga, na kinachosikilizwa ni jinsi anavyosogea wenzake wanaposogea. Anayesimamia sauti yake tu hafai, hata kama hakosei noti.

Ukitaka kulipima hili kwa masikio yako, tafuta tungo sita za kwateti za mtunzi Bartók zilizorekodiwa na Juilliard. Walizirekodi zote mara tatu: 1949, 1963 na 1981. Mann peke yake ndiye aliyepiga katika rekodi zote tatu. Sikiliza sehemu moja ya polepole katika kila rekodi, na uielekeze akili kwenye viola na fidla ya pili, usimfuate Mann.