Maswali ya Wasomaji: Letaboksi za njiani, Washington mpaka Boston

SWALI: Shikamoo anti. Mimi msomaji wako wa Tabata, mwezi wa saba naenda Marekani kwa kaka yangu anaishi Washington, tutaendesha gari mpaka Boston kumuona shangazi, tunapita ile barabara kuu yao ya I-95. Nimesikia kuna mchezo wa letaboksi, watu wanaficha viboksi halafu we unavitafuta na kugonga muhuri, nikaupenda sana. Nitavipataje vilivyo njiani bila kumchosha kaka? Na huku kwetu barabara ya Morogoro tunaweza kuweka?

JIBU: Marahaba mwanangu, swali lako limenifurahisha kweli maana huu mchezo naupenda sana na huku mjini ni nadra mtu kuniuliza.

Kwa ambao hawajausikia, ulianzia Dartmoor kule Uingereza mwaka 1854, mwongoza wageni mmoja anaitwa James Perrott aliweka chupa sehemu inaitwa Cranmere Pool ili anayefika kwa miguu aache kadi yake. Baadaye watu wakawa wanaacha postikadi, anayefuata anaichukua anaituma. Marekani ulishika kasi baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998. Ndani ya kiboksi kuna muhuri na daftari, wewe unakuja na muhuri wako na daftari lako, unagonga wao kwako na wako kwao, unafunga vizuri unarudisha pale pale ulipokitoa.

Sasa njiani. Ingia Atlas Quest au Letterboxing North America, ndizo tovuti wanazotumia sana kule, tafuta kwa majina ya miji mtakayopita, New Haven, Providence, na kadhalika. Usichukue kila unachokiona! Watu wengi wanajaza orodha ndefu wanaishia kuzunguka na gari siku nzima wamenuna. Angalia mambo mawili tu, ni mwendo gani kutoka pale mnapopaki, na mara ya mwisho kupatikana ilikuwa lini, kama ni miaka mingi hakuna aliyekiona basi kiache, yawezekana mti ulishaanguka au kilichukuliwa. Mimi ningechagua vichache kwenye miji ambayo mngesimama hata hivyo kula na kujinyoosha, kaka apate chai wewe upate muhuri, hapo hakuna atakayelalamika.

Halafu kuna kitu kinawasumbua sana wageni. Maelekezo mengi yanaanza na namba ya njia ya kutokea barabara kuu, na Massachusetts, jimbo ilipo Boston, walibadilisha hizo namba mwaka 2020 na 2021, zamani zilikuwa zinafuatana moja mbili tatu sasa zinafuata maili. Kwa hiyo kama maelekezo yaliandikwa kabla ya hapo, tafuta jina la bustani au msitu kwenye ramani, namba achana nayo. Na uyaprinti yote kabla ya safari, msituni mtandao unakata.

Kama mnaweza kutenga nusu siku, itengeni Connecticut. Idara yao ya mazingira yenyewe imeweka letaboksi kwenye misitu ya jimbo na inatoa maelekezo yake wazi, yaani serikali inakualika uingie msituni! Ila mwanangu vaa suruali ndefu uichomekee kwenye soksi hata kama joto limekushika, maana ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe umepewa jina la mji wa Lyme ulioko huko huko Connecticut, na mwezi wa saba kupe wadogo wako kazini. Mkitoka kaguaneni, nyuma ya magoti, kwenye nywele, kote.

Muhuri wako uchonge mwenyewe. Mafundi mihuri wa Kariakoo wanakutengenezea haraka ndio, lakini wachezaji wa kule wanathamini mkono wa mtu, na kifutio kikubwa cha penseli na kiwembe vinatosha, chora kitu cha kwetu, dau au mnazi, kumbuka tu kuchonga maandishi kinyume. Fanya taratibu, kiwembe kinakata vidole.

Kuhusu barabara ya Morogoro, inawezekana na natamani sana uanze, ila chagua vizuri. Mkiendelea na hiyo safari kuelekea Iringa barabara inakatiza hifadhi ya Mikumi, pale usifikirie kabisa, ni marufuku kushuka ovyo na wanyama wako pembeni. Anzia milima ya Uluguru pale Morogoro mjini, kwenye njia ambayo watu wanapanda kila siku, au kama unataka karibu na nyumbani basi msitu wa Pugu. Omba ruhusa kwanza, msitu wa hifadhi nenda ofisi za TFS, yaani wakala wa misitu wa serikali, eneo la kijiji muone mwenyekiti, mweleze mpaka aelewe, na juu ya kiboksi andika kwa Kiswahili kikubwa kwamba huu ni mchezo, ndani kuna daftari na muhuri, tafadhali kirudishe. Kiboksi kisicho na maelezo kilichofichwa kichakani mtu anaweza kukitilia shaka akaita polisi, au akakichukua tu akawekee chumvi. Tumia kile cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, daftari ulifunge kwenye mfuko wa nailoni, masika ya Morogoro hayana huruma.

Ukishakiweka nitumie maelekezo, nitakuja kugonga wangu.