Makohozi hayana TB, kifua bado kinabana: nini maana ya 0.64?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 47, nabanika sangara kwa moshi wa kuni huku Igombe tangu nikiwa msichana. Sigara sijawahi kuvuta. Nakohoa mwaka wa pili sasa, na nikipanda mlima na ndoo lazima nipumzike njiani. Makohozi yamepimwa, TB hakuna; nimemaliza antibayotiki mara kadhaa. Shirika lenu lilipokuja mwaloni nilipuliza kwenye bomba, nikavutishwa dawa, nikapuliza tena. Karatasi inasema lita 2.26 na 1.40, jibu 0.62. Baada ya dawa 2.27 na 1.45, jibu 0.64. Kwa nini mara mbili? Na je, nikivaa barakoa nitapona? Mama wa Igombe.

JIBU: Mama, pole kwa kifua. Nianze na namba, maana wengi hukabidhiwa karatasi ile bila kuelezwa.

Kipimo hicho kinaitwa spirometria. Lita 2.26 ni hewa yote uliyoitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua. Lita 1.40 ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Ukigawanya unapata 0.62. Njia za hewa zikiwa wazi, zaidi ya sehemu 7 katika 10 hutoka katika sekunde hiyo moja. Zikiwa nyembamba, hewa inachelewa. Kwa wazee sana namba hushuka kidogo kwa umri tu, lakini kwa miaka 47 hiyo si sababu.

Mara ya pili ndiyo yenye uamuzi. Dawa uliyovuta, salbutamol, hulegeza misuli inayobana njia za hewa, ndiyo maana ulisubirishwa dakika 15. Mwenye pumu mara nyingi hufunguka vizuri: tunatafuta nyongeza ya walau mililita 200, na isiyopungua asilimia 12, katika hewa ya sekunde ya kwanza. Wewe umeongeza mililita 50. Pumu siifuti kabisa, kwa kuwa hubadilika siku hadi siku, lakini kubana kusikoondoka baada ya dawa, pamoja na miaka yote hiyo ya moshi, kunaelekeza kwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Hospitalini utausikia ukiitwa COPD. Watu huudhani wa wavuta sigara peke yao. Huku mialoni nauona kwa kina mama ambao sigara hawajawahi kuishika.

TB kutoonekana ni habari njema, ila haimaanishi mapafu ni mazima. Je, uliwahi kuugua TB zamani ukapona? Makovu yake yanaweza kuacha njia za hewa zimebana. Uliwahi kufanya kazi kwenye makarasha ya dhahabu kule Geita? Vumbi la mawe nalo lina hatari yake. Mweleze daktari yote mawili. Na ukianza kukonda, kutoka jasho usiku au kukohoa damu, rudi ukapimwe TB upya hata kama majibu ya zamani yalikuwa safi.

Barakoa? Ya kitambaa haizuii moshi. Chembe zenye madhara zaidi ni ndogo kuliko mikroni 2.5, zinapenya nyuzi zake bila shida. Ya hospitali huvuja pembeni. N95, ile nzito ya kuchuja chembe ndogo, huchuja vizuri ikibana uso, lakini gesi ya kaboni monoksidi inapita, na sijaona mtu akivumilia kuivaa asubuhi nzima mbele ya tanuri. Fedha hiyo ningeiweka kwenye tanuri lenyewe.

Kuni mbichi ndizo adui wa kwanza: moto unatumia nguvu kukausha maji, joto linashuka, kuni haziungui sawasawa, moshi unajaa. Zipasue, zianike zikauke kabisa. Msiwashe moto kwa mifuko na chupa za plastiki, hata siku ya mvua. Tanuri lililofunikwa, lenye bomba la kutolea moshi, linakula kuni chache pia. Halafu angalia upepo: mchana kwa kawaida unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Ukibanika mchana, kaa upande wa ziwa, na nyumba yenye watoto isiwe nyuma ya tanuri. Mjukuu asibebwe mgongoni kazini. Kama mteja wako anakubali kayabo, siku unayotia chumvi na kuanika juani ni siku kifua kimepumzika.

Mapafu hayatarudi kuwa ya usichana, Mama, sitakudanganya. Moshi ukipungua, kinachopungua ni kasi ya kuharibika, na pumzi huwa nafuu kwa dawa za kuvuta. Peleka karatasi yako hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza, uulizie pia eksirei. Antibayotiki usinunue tena dukani kila ukikohoa. Zina kazi pale makohozi yanapoongezeka na kubadilika rangi, na daktari ndiye aamue.

Ukiandikiwa dawa ya kuvuta, omba uoneshwe namna ya kuitumia, kwani wengi huipulizia ulimini ikaishia hapo. Chupa safi ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa dawa, inasaidia sana: pulizia ndani, vuta taratibu kwa mdomo wa chupa. Na siku ya kurudia kipimo, kama kifua kinaruhusu, usivute salbutamol kwa muda wa saa 6 kabla. Ukibanwa, vuta, kisha umwambie anayekupima.