Cheti cha usajili hakilindi mchango wenu

SWALI: Wakili, habari za kazi. Sisi tulimaliza kidato cha nne mwaka 2007 katika shule ya serikali ya kutwa hapa Dar es Salaam. Tuna kundi la WhatsApp la watu 130, na tangu mwaka jana tumechanga kama shilingi milioni 6 za kuwasaidia wadogo zetu walioko shuleni sasa: kuwalipia ada wasiojiweza, kununua vitabu, na baadaye kununua kiwanja tujenge kituo cha kujisomea. Hela iko kwenye simu ya mweka hazina. Kuna kijana mjini amesema atatusajili kama NGO ndani ya wiki moja kwa laki 8, katiba anayo tayari. Wenzetu wengine wanasema isitoke hata senti mpaka cheti kipatikane, maana cheti ndicho kitakachozuia hela kuliwa. Tufanyeje? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hao wanaosema cheti kitazuia hela kuliwa, kwa sababu maneno hayo yamenichosha. Msimu wa mahafali ukikaribia, ofisini huja watu wa namna yenu: wana moyo, wana hela kidogo, na wana imani kubwa mno na karatasi. Cheti kinaiambia serikali kwamba mpo, basi. Hakijui namba ya siri ya mweka hazina wenu wala hakimuulizi Jumamosi usiku ametoa kiasi gani.

Kinachozuia hela kuliwa ni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, taarifa ya benki inayowekwa kundini kila mwezi bila mtu kuomba, na katiba inayosema wazi nani anaidhinisha matumizi na idhini yake inaishia shilingi ngapi. Zipo benki zinazofungua akaunti ya kikundi kwa katiba, muhtasari wa mkutano na barua ya serikali ya mtaa. Nendeni wiki hii. Michango ya watu 130 kukaa kwenye laini ya mtu mmoja ni hatari hata kama mtu huyo ni malaika. Akifariki leo, ndugu zake wataihesabu kuwa sehemu ya mirathi, na ninyi mtabaki mkimweleza mjane aliyevaa kaniki kwamba hela iliyo kwenye simu ya marehemu si ya marehemu.

Sisemi msisajili. Kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, watu 10 na kuendelea waliojiunga kwa lengo moja tayari ni jumuiya, na jumuiya inatakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Huko ndiko mahali penu, maana ninyi ni chama cha watu waliosoma pamoja. Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, hizo NGO, yana sheria yake ya mwaka 2002, wizara yake, taarifa zake za kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Huyo kijana anawasukuma kule kwa sababu watu wakisikia NGO wanawaza wafadhili. Milioni 6 za kuchangishana hazihitaji mzigo huo.

Sasa hapa kwenye kiwanja ndipo vishoka, mawakala wasio rasmi kama huyo kijana, wanapowaacha watu wengi kwenye mataa. Mkishapewa cheti cha jumuiya mnakuwa chama halali, ila chama hicho bado si mtu mbele ya sheria. Hakiwezi kuandikwa kwenye hati ya ardhi, hakiwezi kushtaki kwa jina lake. Ili kimiliki kitu lazima mchague wadhamini, kisha bodi yao isajiliwe RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Hiyo bodi ndiyo inayokuwa na lakiri (mhuri rasmi) yake na kumiliki mali kwa niaba yenu, hata wadhamini wenyewe wakibadilika. Hatua hii kishoka haitaji kwa sababu haijui, au kwa sababu anataka mrudi na laki nyingine. Matokeo yake chama kinanunua kiwanja Chanika au Kigamboni, hati inaandikwa jina la mwenyekiti "kwa muda", na ule muda hauishi. Mwenyekiti anaugua, watoto wake wanakuta hati kabatini, kesi inaanza. Wanachama wananijia wakiwa wameshika cheti cha usajili kana kwamba ni silaha.

Katiba "iliyo tayari" nayo mwogopeni anayewauzia. Nimewahi kuletewa katiba ya chama cha wahitimu yenye kifungu cha kumtenga muumini asiyetoa zaka. Nyingine ilieleza riba ya mkopo wa mwanachama, na chama chenyewe hakikopeshi. Watu walitia saini bila kusoma. Katiba ya kunakili haina majibu ya maswali yenu: mwanachama ni nani, waliomaliza 2007 tu au yeyote aliyepita pale? Aliyehamia shule nyingine kidato cha tatu je? Chama kikivunjika, hela inakwenda wapi? Kaeni chini nusu siku mjibu haya wenyewe, ndipo mumpe wakili aandike. Itawagharimu pungufu ya kesi.

Hata lengo lenu la kwanza lina kasoro. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mtamlipia nani ada gani? Mkiliandika hilo kwenye katiba mnamfungulia mtu mlango wa kudai hela ya kitu kisichokuwepo. Shida za mtoto wa shule ya kutwa ziko kwingine: nauli, kwa sababu makonda hawamtaki asubuhi, sare, madaftari, chakula cha mchana, taulo za kike. Mwandikieni mkuu wa shule, ombeni kukutana naye pamoja na bodi ya shule, waseme wao kinachopungua. Na hili halisubiri cheti, maana mhitimu yeyote anaweza kuipa shule vitabu hata kesho. Ila vipite mlango wa mbele: barua, hati ya makabidhiano, viingizwe kwenye leja ya stoo. Msitume hela kwenye simu ya mwalimu, hata kama mlisoma naye.

Mna kitu kingine ambacho hamjakitaja, na ni bure. Mwaka 2024 tahasusi (makundi ya masomo ya kuchagua) za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, na wanafunzi wengi wanachagua kwa kufuata rafiki. Miongoni mwa watu 130 hamkosi muuguzi, fundi sanifu, mhasibu, mtu wa bandarini. Saa moja ya watu hao darasani, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na mwalimu akiwepo, naithamini kuliko kupaka rangi ukuta. Namba za simu za wanafunzi msichukue. Wala msiwapange mstari na sare mpya kifuani ili mpige picha za kurusha mtandaoni: hao ni watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda faragha yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu ninyi pia. Bila ridhaa ya mzazi, pigeni picha maboksi.

Kuhusu laki 8 za kijana: ada ya serikali inalipwa kwa kontroo namba, haipiti kwenye simu ya mtu. Kama mmeshampa kianzio, mdaini nakala ya maombi aliyowasilisha na stakabadhi ya serikali yenye jina la chama chenu. Akianza kusema mtandao unasumbua, acheni kumwongezea.