Mkuu, ukishusha makadirio TRA hiyo nyumba iage kabisa

Futa huo mpango leo leo. Nilikuwa nasoma bandiko lako vizuri tu hadi pale ulipoandika kwamba mhasibu kakushauri ushushe makadirio ya mapato unayopeleka TRA, yaani mamlaka ya kodi, mwaka huu, "kodi ipungue na mke asione nina hela". Hapo chai ikanipalia.

Wewe una karakana ya aluminiamu Mwanza, umetengana na mkeo, unataka mkopo wa benki umlipe sehemu yake ubaki na nyumba. Mimi nilikuwa na duka la vipuri vya bodaboda Dar na nyumba Kivule, na mpango wangu ulikuwa huo huo, hadi mhasibu wa aina hiyo hiyo nilikuwa naye. Sasa hivi nimepanga chumba na sebule Mbagala. Nyumba ina mwenyewe mwingine, kaipaka rangi ya zambarau. Zambarau, wakuu! Ndiyo maana majirani wa zamani siku hizi nawasalimia kwa simu.

Sikiliza hesabu ilivyokuwa. Duka lilikuwa linauza kama milioni 7 kwa mwezi, yaani 84 kwa mwaka. TRA tulikuwa tunaandika kwamba mauzo ni milioni 18 tu kwa mwaka. Mhasibu anasema "bosi, nimekuokoa", mimi namnunulia soda. Nyumba ilithaminiwa milioni 130, sehemu ya mama watoto ikaonekana ni milioni 52. Ukikopa 52 kwa riba ya asilimia 16, miaka 15, rejesho ni karibu Sh765,000 kwa mwezi. Kwa duka lile nilikuwa na uwezo wa kulipa na chenji ikabaki.

Nikaenda benki kifua mbele. Afisa mikopo, dada mpole sana, akapanga karatasi mezani: "Kaka, TRA unasema mauzo ni milioni 18 kwa mwaka. Kwenye fomu yetu umeandika 84. Nichukue ipi?" Nikamwambia achukue ya fomu, ndiyo ya kweli. Akacheka. Na mimi nikacheka, kila mtu kwa sababu zake. Kwa milioni 18 za mauzo, ukitoa gharama, faida waliyoiona wao ilikuwa kama laki nne kwa mwezi. Rejesho peke yake limeizidi, na benki haitaki rejesho limeze kipato chote, inataka sehemu yake tu. Taarifa ya akaunti nayo haikunisaidia, maana hela ya duka nilikuwa naitoa kwenye droo naipeleka Kariakoo kununua mzigo, benki haipiti.

Ila benki kukataa ni cha mtoto. Kilichoniua ni mahakamani. Ile karatasi ya laki nne ndiyo niliyopeleka kwenye shauri letu la kugawana mali na matunzo, ili matunzo ya watoto yawe madogo. Mhasibu tena: "hapo umewapiga bao". Wakili wa mwenzangu hata hakupandisha sauti. Aliuliza hivi: "Mheshimiwa, mdaiwa anasema anapata laki nne kwa mwezi. Hizo milioni 52 anazoomba apewe nafasi azilipe, atazitoa wapi?" Ukumbi kimya. Ningesema ninazo, nimekubali kwamba nilidanganya. Ningesema sina, basi nyumba iuzwe. Nilikohoa. Hakimu akanipa miezi mitatu nilete hela, benki nilizozunguka zote zikauliza swali lile lile la yule dada, na muda ulipoisha nyumba ikauzwa kwa amri ya mahakama, kwa bei ambayo ningeinunua mwenyewe kama ningekuwa na hela. Wote wawili tulipata kidogo. Dalali alipata chake kamili.

Na mhasibu? Nilipompigia alisema, "lakini kodi si ulilipa kidogo?" Jamaa hana hata usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu, ana laptop na muhuri tu, na bado ana wateja foleni pale mtaani. Kama wako naye ofisi yake ni meza moja ndani ya stationery, mkuu, kimbia.

Halafu kuna kitu hujakifikiria kabisa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya ndoa huwezi kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako. Kwa hiyo huyo unayemficha kipato ndiye utakayemwomba aje benki asaini. Atasaini akiona umemdanganya? Na usije na ile hoja ya "yeye alikuwa mama wa nyumbani, hana mchango". Hiyo ilizikwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kazi za nyumbani ni mchango.

Kwa hiyo rekebisha makadirio kwenda JUU, sheria inaruhusu kuyarekebisha kabla mwaka haujaisha. Toa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kwa kila dirisha unalouza. Hela yote ipite benki, hata ya kitasa kimoja. Tafuta CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, mwenye usajili akuandalie hesabu, maana benki zinapenda kuona hesabu za miaka miwili mitatu, si za wiki jana. Kodi itapanda, ndiyo. Itapanda na utalia kidogo. Kaa na shemeji yetu muafikiane muda mrefu wa kumlipa, mwaka au zaidi, muandikishane, na usikubali tarehe yoyote ya mwisho kabla hujashika barua ya ofa ya benki mkononi. Maneno ya "mkopo wako umepita" kwenye simu si barua.

Uliuliza benki ipi ina riba nafuu. Zinazunguka 13 hadi 19 kwa mia, lakini kwa karatasi ulizonazo sasa hata ya 5 hawakupi. Kuhusu kubadilisha jina kwenye hati na ada za watoto, wadau wengine watakujibu, nimeshachoka na kitufe cha simu kinaganda. Mimi nataka jibu moja tu hapa chini: makadirio ya mwaka huu yameshapelekwa au bado?